Imesahihishwa na Mwandishi Mwenyewe

Jumamosi tulimzika Madamu Konsolata, mwalimu wangu wa bayolojia, na Jumatano iliyofuata nilitakiwa nisimame mbele ya walimu wenzangu kuwafundisha haki za mwandishi darasani. Semina yenyewe si ngumu. Kurasa ngapi unaruhusiwa kunakili, kwa wanafunzi wa darasa gani, lini uombe ruhusa, jina la mwenye kitabu liandikwe wapi. Walimu wa siku hizi wanakipiga kitabu kizima picha kwa simu, wanakirusha kwenye grupu la darasa, basi, kimekwisha, na ukiwauliza mwandishi ni nani wanakutolea macho kana kwamba umewauliza jina la babu yake dereva wa basi. Inanikasirisha, tena sana. Lakini kila nikifika kwenye yale maneno ya chini ya ukurasa, "kwa idhini ya mwandishi", ulimi huwa mzito, na safari hii ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu pale msibani, chini ya hema, Mama Lea alikuja akaketi kwenye kiti cha pembeni yangu. Hatukuwa tumezungumza tangu mwaka ule. Aliyoniambia nitayasema, ila lazima nianze na mwaka wenyewe, la sivyo hayataeleweka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakaa mtaa wa Musaga, Bujumbura, na vita ilikuwa imeshatuzoea kama tulivyoizoea. Mipaka ilikuwa imefungwa, vitu haviingii. Sukari ilipotea, petroli ikapotea, lakini kilichotuumiza sisi wa shule ni karatasi na vitabu. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi hamsini na kitabu kimoja cha bayolojia. Kilikuwa kimeandikwa na mtu wa hapa hapa Bujumbura, Mwalimu Salvatori, aliyewahi kufundisha shuleni kwetu kabla sijafika. Kilikuwa kitabu kizuri, michoro ameichora mwenyewe kwa mkono, na kwenye ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwamba ni marufuku kunakili sehemu yoyote bila ruhusa ya mwandishi. Mwenyewe alikuwa marehemu, au ndivyo kila mtu alivyosema. Mwaka uliotangulia alishushwa kwenye basi dogo kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na wanaume wengine, na hakuna aliyerudi. Maiti haikuonekana. Mkewe alivaa kilemba cheusi, watu wakaenda kumpa pole, maisha yakaendelea.

Shule ilikuwa na mashine ya roneo ya kunakilia karatasi, ya kuzungusha kwa mkono, imefungiwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya Direkta, mkuu wa shule. Mimi ndiye niliyejua kupiga taipu, kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa ufunguo. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya kucha nakikumbuka chumba kile, maana dawa ya kufutia makosa kwenye stensili ilinuka vile vile. Unatoa utepe kwenye taipu, unapiga herufi zinatoboa ile karatasi ya nta, na michoro unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, taratibu, ukikosea umeharibu. Mashine nyingine zote za roneo mjini, nilikuwa nasikia, zilizunguka mchana kutwa zikitoa vitabu vizima bila jina la mtu. Kwa Madamu Konsolata, thubutu! Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, viatu vimepigwa rangi hata siku ambazo risasi zilisikika upande wa mlimani.

"Kitabu ni ya mutu, Hadija," aliniambia siku ya kwanza. "Ukichukua ukurasa mbili ya kufundisha, ile si wizi. Ukichukua yote, umekuwa mwizi na diploma yako mukononi."

"Na mwenyewe akiwa amekufa, Madamu?"

"Akikufa iko na bibi na watoto. Utaomba kwao. Na ukigeuza kitu ndani ya kazi ya mutu, andika chini ni nani amegeuza. Usimuwekee mutu maneno kwenye kinywa."

Akaandika barua ya kuomba ruhusa ya kunakili sura ya moyo na damu, akaipiga muhuri wa shule mbele yangu, wino wa zambarau, akanituma mtaa wa Kinanira kwa mjane wa Mwalimu Salvatori, Mama Lea. Alinituma mimi kwa sababu mbili. Kwanza kwetu Musaga na Kinanira si mbali. Pili, mimi ni Mswahili, Mwislamu, na miaka ile watu walituchukulia kwamba hatumo kwenye orodha ya upande wowote. Haikuwa kweli kila siku, lakini ilitosha kumpitisha msichana barabarani na bahasha mkononi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na nyumba ya Mama Lea ilikuwa imevutwa mapazia yote. Ndani kulikuwa na giza la kijani, kwa sababu ya rangi ya vitambaa. Redio ilikuwa inasema chini chini na hakuna aliyekuwa anaisikiliza. Mama Lea alinipokea vizuri, akanipakulia maharage na ndizi, akachukua barua akaingia nayo chumba cha nyuma, akafunga mlango. Nilikula peke yangu. Kwenye kichanja cha vyombo niliona sahani tano zinakauka, na nilijua ana watoto watatu. Nikajiambia labda wamepata mgeni. Halafu nikasikia harufu ya sabuni ya kunyolea ndevu, mbichi, kama imetumika asubuhi ile, nikaacha kutafuna. Kutoka chumba cha nyuma ilikuja sauti ndogo ya kalamu ikikwaruza karatasi, ikasimama, ikaendelea.

Alirudi na ruhusa, imetiwa sahihi yake mwenyewe, na kipande kidogo cha karatasi kilichokunjwa. "Hii alikuwa ameiandika zamani," alisema kabla sijauliza kitu. "Iko na kosa ku ukurasa wa arubaini na saba. Hakuipendaka ile kosa, mutoto wangu. Ilimunyima usingizi."

Nilikifungua njiani, nikiteremka. Maandishi ya mtu mzima, ya mkono uliozoea ubao: mshale wa damu itokayo mapafuni umegeuzwa na mchapaji, naomba ugeuzwe kabla ya kunakiliwa. Na kwenye kona ya kipande kile kulikuwa na nusu ya muhuri wa zambarau. Ulikuwa muhuri wetu. Kimechanwa kutoka chini ya barua ile ile ambayo Madamu aliipiga muhuri asubuhi ile ile mbele ya macho yangu. Nilisimama katikati ya barabara na jua linanichoma. Marehemu alikuwa ameandika nikiwa pale, nakula maharage yake.

Sasa niseme ukweli, na naona aibu. Sikumwambia mtu. Lakini pia sikuelewa nimeshika nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri ni kiumbe wa hatari. Nilichora ule moyo nusu siku nzima, nikageuza mshale, na nilipofika chini ya stensili nikafuata kanuni ya Madamu bila kupunguza neno. Nilipiga kwa Kifaransa, na maana yake ilikuwa: imenakiliwa kwa idhini, kosa la ukurasa wa 47 limesahihishwa na mwandishi mwenyewe, muhula huu. Muhula huu! Hakuna aliyeniomba niweke muhula. Nilifikiri ndiyo uaminifu. Nikazungusha mashine karatasi mia moja na ishirini, na kwa sababu vitabu havikuwepo popote, mwisho wa wiki karatasi zetu zilikuwa zimeshaingia shule nyingine tatu.

Madamu aliisoma darasani, mbele yetu. Nilikuwa namtazama nikingoja sifa. Alisoma mpaka chini, akarudia mstari wa mwisho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga hewa akidhani kuna ngazi. Mapumziko yalipofika aliniita jikoni kwa walimu, akaniuliza iko wapi ile karatasi niliyopewa. Nilimpa. Aliutazama ule muhuri nusu, akaitia kwenye makaa chini ya birika la chai, akasubiri mpaka ikawa majivu. "Zirudishwe zote," alisema. Zilirudi mia na nane. Kumi na mbili hazikurudi.

Ili mtu asiyekuwepo aelewe: miaka ile kulikuwa na watu waliokuwa na orodha za wa kuuawa, na jina likishakatwa hawalirudii. Mtu aliyekatwa alikuwa salama kuliko wote, mradi asionekane. Mimi nilikuwa nimeandika mara mia moja na ishirini kwamba jina moja lilikatwa vibaya.

Bwana mmoja alikuja siku ya tisa. Koti la kijivu, viatu safi, sauti ya upole ya mtu wa ofisi, na karatasi yangu imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Direkta alimwachia kiti chake mwenyewe. Niliitwa, Madamu akaitwa. Yule bwana aliikunjua karatasi mezani akailainisha kwa kiganja.

"Mimi napenda sana elimu," alisema. "Nimefurahi kuona Mwalimu Salvatori anaendelea kusahihisha. Ningependa kumusalimia. Anakaaka wapi siku hizi?"

Nikaona mkono wa Madamu umeshika ukingo wa kabati na kucha zimekuwa nyeupe, na hapo nikaelewa kwamba yeye hawezi kusema lolote litakaloaminika, maana mtu mzima huwa na sababu za kudanganya. Msichana mwenye kiburi hahitaji sababu.

"Ni mimi," nilisema. "Nimegeuza mshale mwenyewe. Niliona kosa. Nikaogopa Madamu atasema mi ni nani wa kusahihisha kitabu, nikaandika ni mwandishi."

"We?" alicheka kidogo. "Haya, nichoree."

Aliniletea chaki. Nilichora ule moyo kwenye ubao mdogo wa ratiba, vyumba vinne, mishipa yote, mishale yote, nikamwonyesha ule uliogeuzwa na kwa nini haiwezekani damu irudi ilikotoka. Moyo ule niliujua kuliko njia ya nyumbani.

"We ni Muislamu," alisema. "Apa."

Nikaapa. Nilisema wallahi, mara tatu, uongo, nikiwa na udhu. Baadaye nilifunga siku tatu na bado sijui kama ilitosha.

Madamu ndipo alipopata sauti. Alinirukia! Sijawahi kutukanwa vile. Alisema nimeghushi jina la marehemu, nimelitia kinywani mwake neno ambalo hakulisema, mimi ni mwizi mbaya kuliko wanaoiba kitabu kizima. Alilia kwa hasira, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui tu yalikuwa ya nini. Akamwambia Direkta nifukuzwe mpaka mwaka uishe, na iandikwe kwenye rejista. Iliandikwa.

Yule bwana alisikiliza yote akitikisa kichwa. Kisha akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba kumchezea marehemu ni jambo zito, na kwetu mtu akimkosea marehemu anakwenda kuomba radhi kwa wenye msiba. "Twende wote," alisema. "Na mi nimupe pole mama."

Tulipanda Kinanira sisi watatu kwa miguu, mimi, Madamu na yule bwana. Sikumbuki tulisema nini njiani. Nakumbuka alinisaidia kuruka mtaro, akanishika kiwiko kama mjomba.

Mapazia yalikuwa yamevutwa. Redio siku hiyo ilikuwa kimya. Mama Lea alitukaribisha, macho yake yakaanguka kwenye koti la kijivu, kisha kwangu, na sikuwa na njia hata ndogo ya kumwonya. Tulikaa. Niliambiwa niseme. Nilipiga magoti kwenye zulia lake.

"Mama, naomba radhi. Niliandika ku karatasi ya shule kama bwana yako amesahihisha kitabu. Ni uongo. Ni mi nilifanya. Marehemu hakusema kitu."

Nilipotamka "marehemu", nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Mara moja, kikohozi kikavu, kilichozibwa na nguo. Kilitoka chumba kile cha kalamu. Nilimtazama Madamu, hakugeuka. Nilimtazama yule bwana, hakugeuka, alikuwa anachezea kishikizo cha koti. Na papo hapo Mama Lea akapasua kilio. Alilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, akajitupa chini, akajipigapiga kifua, anamwita mumewe kwa jina, anamuuliza amemwachia nani watoto. Nilijiambia: mwanamke huyu ana akili, anakifunika kile kikohozi. Nami nikalia kwa sauti zaidi, nimsaidie.

Yule bwana alingoja kidogo, akaomba maji ya kunywa, na bila kungoja aletewe akaenda kuyatafuta mwenyewe nyuma. Alifungua mlango wa chumba kile. Tulisikia viatu vyake vikizunguka, vikisimama, kitu kizito kikisukumwa. Nilihesabu pumzi zangu. Alirudi akijipangusa vumbi la unga mikononi, akasema, "Poleni sana na msiba," akaondoka. Hakurudi tena kwa Mama Lea, wala shuleni.

Nilirudia mwaka shule nyingine. Madamu hakuwahi kunisemesha juu ya jambo lile, lakini kila tulipokutana mjini alinishika mkono akauminya kidogo, na mimi nilijua tunazungumza nini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi na kitu hiki ndani, na sitadanganya, nilikuwa najivunia. Rejista ilisema mimi ni mghushi, na nyuma ya rejista kulikuwa na mtu mzima anayepumua kwa sababu yangu. Sikuuliza alikwenda wapi. Nilifikiri kuuliza ni kutafuta shukrani.

Basi pale msibani Mama Lea aliketi pembeni yangu na sahani ya pilau ambayo hakuigusa. Amezeeka, mgongo umeinama, kilemba bado cheusi. Tulizungumza juu ya Madamu, juu ya wajukuu. Mwisho nikajikaza nikamuuliza Mwalimu yuko wapi siku hizi.

"Hawakukuambia?" alisema. "Lea alileta ile karatasi yako kutoka shuleni kwake. Baba yake akaisoma. Alifurahi sana ule mshale, alikuwa anaushika na kidole. Halafu akasoma chini. Akasema, watakuja. Kesho yake asubuhi akaenda Ruziba, ku ziwa, kuna mutu wa mutumbwi alikuwa anavushaka watu. Ile siku mulikuja, alikuwa ameshaenda siku ine. Mutumbwi haikufika, Hadija. Hatukupata hata shati."

Watu walikuwa wanapita na soda, mtoto mmoja anacheka. Nilitaka kusema pole na neno likawa dogo mno. Nikasema tu kwamba ni mimi nilimtoa mle ndani, kwa mstari mmoja ambao hakuna aliyeuhitaji.

"Nilikuchukia," alisema, bila ukali. "Miaka mingi. Halafu nikawaza, yule bwana angekuja bila ule uongo yako, angetufanya nini mi na watoto? Basi nikachoka kukuchukia. Siku ile sikulia ya kudanganya mutu. Nilikuwa sijalia bado. Niliogopa majirani wataniuliza, we unalia nini tena mwaka muzima umepita? Mulinipa nafasi."

"Mama," nilisema, "kama alikuwa ameshaenda, chumbani alikuwemo nani?"

"Hakuna. Watoto walikuwa kwa dada yangu. Magunia tu."

"Kuna mutu alikohoa. Niliposema marehemu."

Aliweka sahani chini, kwenye nyasi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri wake.

"Ulisikia na we?" alisema. "Miaka yote hii nilifikiri ni mi peke yangu."